Kibali cha Bia

Niliajiriwa mwaka 1979 niwe karani wa mgao katika kampuni ya biashara ya mkoa mmoja. Mkoa wenyewe sitautaja, kwa sababu wengi niliofanya nao kazi wamekwisha fariki na hawawezi kunijibu. Neno "mgao" vijana wa leo wanalijua kwa habari za umeme na maji tu. Sisi tuligawa sukari, sabuni, khanga, betri za redio, mabati, majembe na bia. Mimi nilikuwa na meza, kiti, mihuri miwili na leja kubwa yenye jalada la kijani, na kwa muda wa miaka minne nilikuwa mmoja wa watu wanaosalimiwa sana katika mji ule. Sikuwa na cheo. Nilikuwa na kalamu.

Katika bidhaa zote hizo, iliyoniletea barua nyingi kuliko nyingine ilikuwa bia. Mtu angeweza kufikiri ni sukari, na kweli sukari ilikuwa na foleni ndefu zaidi. Lakini foleni ya sukari ilikuwa ya akina mama waliosimama juani, na foleni ya bia ilikuwa ya barua. Barua hazichoki kusimama. Nimezitafakari sana barua zile tangu nilipostaafu, na nikajikuta nataka kujua mambo yale yalianzia wapi, maana haiwezekani mtu mzima akapigiwa magoti kwa sababu ya kreti za bia bila kuwapo historia nyuma yake.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nikiamini kuwa Serikali iliingia katika biashara ya pombe wakati wa Azimio la Arusha. Sivyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao tunaukumbuka zaidi kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa, ulikuwa pia na vifungu vya kuzuia pombe kali kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na sisi tumo. Mwaka 1919 yakatiwa saini mapatano mengine huko Saint-Germain, Ufaransa, juu ya jambo hilohilo. Na Mwingereza alipokabidhiwa Tanganyika na Ligi ya Mataifa mwaka 1922, hati ya udhamini ilimtaka asimamie kwa ukali biashara ya silaha na risasi pamoja na uuzaji wa pombe kali. Silaha na pombe ziliwekwa katika kifungu kimoja, kama ndugu wa baba mmoja. Sijui mwandishi wa kifungu kile alikuwa na nia gani, lakini baada ya kuona niliyoyaona mwaka 1983 nadhani hakukosea sana.

Matokeo ya maagano yale yalikuwa kwamba muuzaji wa jumla wa pombe enzi za ukoloni alipangiwa mambo mawili kwa pamoja, yaani auze nini na amuuzie nani. Wiski na brandi zilishushwa bandarini Dar es Salaam na Tanga kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alikuwa na pombe yake ya kienyeji, nayo ilikuwa na leseni zake na vilabu vyake. Bia ya chupa ilifunguliwa kwa Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, na pombe kali katikati ya miaka ya hamsini. Baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa mpishi wa bwana shamba mmoja wa Kizungu, alikuwa akitusimulia kwamba alibeba trei ya wiski kwa miaka kumi na minne pasipo ruhusa ya kuionja, na siku ilipohalalishwa aliionja akaitema. "Kumbe walikuwa wanatunyima dawa ya meno," alisema.

Viwanda navyo vilikuwa vimekwisha anza. Kiwanda cha bia cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Ndiyo asili ya jina la Tusker na picha ya tembo iliyo katika chupa zake. Watu wa pwani hawana haja ya kushangaa, maana kwao tembo ni mnyama na tembo ni pombe ya mnazi, na wote wawili huangusha watu. Dar es Salaam ikapata kiwanda chake mwaka 1933.

Baada ya Uhuru tulizirithi sheria zile, tukaondoa ubaguzi wa rangi na kuacha mengine. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya moshi. Ndugu msomaji asidhani nauzungumzia mji wa Moshi, ninakotoka mimi. Moshi ni jina la kisheria la ile pombe inayochemshwa na kukamuliwa mvuke, ambayo wengine huiita gongo, wengine piwa, na Waganda waragi. Sheria ilisema haitengenezwi wala kuuzwa bila leseni. Waganda walikuwa wametangulia mwaka mmoja na sheria yao ya enguli, iliyotaka wapikaji wa vijijini wapate leseni na pombe yao ipelekwe kiwandani ikasafishwe, na humo ndimo ilimotoka Uganda Waragi ya chupa. Mwaka 1968 sisi tukapata sheria ya vileo kwa jumla, nayo iliendeleza mgawanyo wa zamani. Pombe ya kienyeji iliwekwa upande wake, bia na mvinyo na pombe kali upande mwingine, kila mmoja na leseni yake.

Mgawanyo huo niliujua kabla sijajua kusoma sheria, kwa sababu nililelewa nao. Mama yangu aliuza mbege. Kwa asiyeijua, mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchujwa, zikachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, pamoja na gome chungu la msesewe. Ada yangu ya shule ilitoka humo, pamoja na viatu vyangu vya kwanza. Alikuwa na leseni ya halmashauri, aliitunza ndani ya Biblia katika kitabu cha Hesabu, nami nilidhani aliiweka hapo makusudi. Leseni ile ilimruhusu kuuza mbege tu. Walimu wa shule ya jirani walipomwomba awawekee kreti mbili za bia mwisho wa mwezi, ofisa aliyekuja kukagua alimwambia, "Mama, ukitaka bia omba leseni ya bia, na ukipata leseni ya bia jenga nyumba ya bia." Mama alizirudisha kreti zilikotoka kwa mkokoteni.

Sasa niingie katika Azimio. Februari 1967 Serikali ilitaifisha mabenki na makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje, kama vile Smith Mackenzie na Dalgety, na kuyaunganisha katika Shirika la Biashara la Taifa. Vilevile ilitangaza viwanda saba ambavyo ingechukua sehemu kubwa ya hisa zake. Watu wanakumbuka Bata na kiwanda cha saruji. Wachache wanakumbuka kuwa kati ya viwanda vile saba, viwili vilikuwa vya bia, yaani Tanzania Breweries na Kilimanjaro Breweries, na kingine kilikuwa cha sigara. Serikali yo yote inajua fedha iko wapi.

Shirika lile lilikuwa kubwa mno, likaelemewa, na mwaka 1973 likavunjwa, kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikaanza kupanga bei za bidhaa maelfu, kuanzia baiskeli hadi chupa ya bia. Hapo ndipo muuzaji wa jumla wa zamani, yule Mhindi au Mchaga au Mpare aliyekuwa na stoo na lori lake, alipogeuka kuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa bado na leseni. Leseni ilimruhusu kuuza bia kwa jumla bila kuifungua, na mtu asiketi kuinywa dukani. Lakini leseni haikumpa bia. Bia ilitolewa kwa kibali, na kibali kiliandikwa na mimi.

Mambo yangekwenda vizuri kama bia ingekuwapo ya kutosha. Lakini miaka ile nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Siku moja meneja wetu alirudi kutoka Dar es Salaam akatuambia kuwa bia imejaa kwenye matangi ila hakuna vizibo. Tulicheka, yeye hakucheka. Safari nyingine vizibo vilikuwapo na chupa hazikuwapo. Ikawa chupa tupu ina thamani kuliko fedha, maana bila kurudisha chupa tupu hupati zilizojaa. Nimeona mzee akiziacha mirathi. Nimeona vijana wawili wakishitakiana mbele ya baraza la kata kwa kreti moja isiyo na kitu ndani.

Mgao ulifika kwa lori, mara mbili kwa mwezi kukiwa na heri. Siku ya lori ofisi yangu ilijaa. Baa zilikuwa na fungu lao, hoteli fungu lao, jeshi na polisi fungu lao, na kulikuwa na fungu lililoitwa "shughuli maalumu". Hili la mwisho ndilo lililokuwa mlima. Mtu anayeoza binti alianza kwa balozi wa nyumba kumi, akapata barua. Akaenda kwa katibu kata, akagongewa muhuri. Akaenda kwa ofisa biashara, akaandikiwa "apatiwe kreti tano". Akaja kwangu, nami nikaandika mbili. Nilijifunza kuandika mbili bila kuinua macho. Kama aliinuka akarudi na karatasi ndogo kutoka kwa mkubwa, niliandika tano, na pengine kumi. Wakati mwingine tulimlazimisha mtu achukue na bidhaa iliyolala, labda katoni ya pombe kali isiyotoka au majembe yasiyo na mipini. Nakumbuka bwana arusi mmoja aliondoka na kreti tatu za bia na majembe kumi na mawili. Natumaini wanayalimia.

Kisheria bei ilikuwa moja nchi nzima. Kwa kweli zilikuwapo bei tatu, yaani ya karatasi, ya mlango wa nyuma, na ya usiku. Mimi sikuuza bia ya mlango wa nyuma, nalisema hili bila kujisifu. Nilipokea mambo madogo madogo, kipande cha sabuni, lifti, kuku wawili wakati wa Krismasi. Nilijiona mtu safi.

Kulikuwa na muuzaji wa jumla mmoja nitakayemwita Mzee Kona, kwa kuwa duka lake lilikuwa kwenye kona ya barabara ya stendi. Alikuwa na leseni ya jumla tangu kabla ya Uhuru, au tuseme tangu ile miaka ya mwisho ya Mwingereza. Alikuja na vitabu vyake vya hesabu chini ya kwapa, chupa zake tupu zimehesabiwa na kupangwa, na hakunipigia magoti wala kunitukana. Aliniita "bwana karani" na mimi nilimwita Mzee. Mgao wake ulikuwa kreti kumi. Akipewa nane alisaini nane, akaondoka.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 lori lilileta shehena nzuri kuliko kawaida. Meneja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Alikuwa anaoza binti yake Pasaka. Alitaka kreti thelathini ziwekwe pembeni, na kwa kuwa stoo yetu ilikuwa inakaguliwa kila mara, zikae kwa Mzee Kona mpaka siku ya arusi. "Hati ya kupokelea andika pungufu thelathini kutoka kiwandani," aliniambia. "Kwenye leja, Mzee apewe kumi zake kama kawaida. Zilizobaki tutaziweka sawa zikichukuliwa." Nikaandika pungufu thelathini. Nikatia saini. Mzee Kona alipoziona kreti arobaini zikishushwa dukani kwake alinitazama akauliza, "Na karatasi ya hizi nyingine iko wapi?" Nikamjibu kuwa meneja atailetea. Akasema, "Haya, kama ni neno lako." Neno langu! Kwa hakika lilikuwa langu.

Wakati wa masika mwaka huo ndipo ilipoanza ile kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Waliokuwa watoto wakati ule hawawezi kuijua hofu ile. Sokoine alikuwa mtu mnyofu, nalisema hili hata leo, na wananchi wengi walishangilia, kwa sababu ni kweli kulikuwa na watu waliofungia sabuni stoo huku watoto wakioga kwa majani ya mpapai. Zikaja habari za bidhaa zilizotupwa porini usiku na fedha zilizozikwa. Bunge likatunga sheria maalumu ya uhujumu uchumi. Mahakama za kawaida ziliwekwa kando, likaundwa baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo. Dhamana haikuwapo, mawakili hawakuruhusiwa, na makosa yaliyotangulia sheria yenyewe nayo yaliingizwa humo. Mamia kwa mamia wakakamatwa.

Kwa Mzee Kona walikuja asubuhi, watu sita. Walihesabu kreti, wakapata arobaini. Wakamwomba karatasi, akatoa kibali cha kumi, chenye mwandiko wangu. Akasema, "Hizi thelathini si zangu, nimehifadhi tu. Karani anajua." Wakaniita na leja yangu. Nilikwenda kwa miguu, meneja akinifuata nyuma kwa gari la kampuni, polepole, kama mchungaji. Pale dukani ofisa mmoja alifungua leja, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza, "Huyu mzee mlimpa kreti ngapi?"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Mzee Kona alikuwa ameketi juu ya kreti moja, mikono magotini. Nikasema, "Leja inasema kumi, afande."

Sikusema uongo. Leja ilisema kumi. Hilo ndilo jibu nililojipa usiku ule na usiku uliofuata, na lilinitosha kwa muda wa majuma mawili hivi. Ofisa aliandika. Mzee Kona hakupaza sauti. Aliinuka, akaomba avae koti lake, akafunga droo ya fedha akampa mwanawe ufunguo, akapanda gari.

Alikaa mahabusu miezi saba. Kesi yake haikufika mbele ya baraza lile. Sheria ile ya 1983 nayo haikudumu, mwaka uliofuata ilibadilishwa kwa nyingine iliyorudisha kesi hizo mikononi mwa Mahakama Kuu. Aliachiwa asubuhi moja bila maelezo. Leseni yake ya jumla haikuhuishwa. Kreti arobaini zilichukuliwa kuwa kielelezo, na kielelezo hicho sikusikia kilikoishia. Binti wa meneja aliolewa kwa soda.

Krismasi mwaka ule nilikwenda nyumbani, nikamweleza mama. Nilitarajia atanilaumu au atanitetea. Yeye alikuwa na shida yake. Ulezi ulikuwa hauji. Nafaka ilikuwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo thelathini hivi bila kibali, kwa hiyo mama aliyekuwa akimletea ulezi alinyang'anywa gunia zima kwenye kizuizi. Kumbe hata mbege, ambayo ndizi zake zilitoka nyuma ya nyumba, ilihitaji kibali cha mtu kama mimi mahali fulani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo bia ilinyweka?"

"Haikunyweka, mama. Ilichukuliwa."

"Na mzee?"

"Wamemwachia."

"Umekwenda kumwona?"

Sikuwa nimekwenda. Akanichotea mbege katika kata, akaketi kimya akinitazama mpaka nilipoimaliza, kisha akaipokea kata akaenda kuiosha.

Mambo mengine yaliyofuata nitayapita upesi. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Kiasi cha nafaka ambacho mtu angeweza kusafirisha kiliongezwa, na miaka michache baadaye vizuizi viliondolewa kabisa. Makampuni ya biashara ya mikoa yakafa moja baada ya jingine, kwani yalikuwa yakiishi kwa uhaba, na uhaba ulipopungua hayakuwa na kazi. Mwaka 1993 Serikali iliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini katika kiwanda cha bia, na haukupita muda mrefu bia ikawa inamtafuta mnywaji badala ya mnywaji kuitafuta. Mimi nilikuwa nimekwisha punguzwa kazini. Siku ya kukabidhi ofisi niliulizwa kama nina mali ya kampuni. Nikarudisha mihuri yote miwili.

Nimesema sitaki kuilaumu miaka ile peke yake, na sababu niliiona Nairobi. Mwaka 2013, mwishoni, nilikwenda kumtembelea mwanangu anayefanya kazi huko, nikakuta watu wa mtaani wanazungumza habari ya kegi. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, na chang'aa haikuondoka, ilikwenda gizani. Novemba 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakapofuka katika mitaa ya maskini ya Nairobi, Mukuru kwa Njenga ikiwa mojawapo, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, sumu ya viwandani. Basi mwaka 2004 kiwanda kikaleta bia ya Senator, inayouzwa kutoka kwenye pipa, na Serikali ikaisamehe ushuru ili maskini apate kitu cha bei nafuu kisichoua. Mwaka 2010 sheria mpya ikahalalisha hata chang'aa, mradi iwekwe katika chupa ya kioo yenye maelezo. Lakini mwaka 2013 Hazina ilitaka fedha, ikapunguza msamaha ule hadi nusu. Bei ya kegi ikapanda, mauzo yakaanguka. Jirani wa mwanangu aliyekuwa akiuza kegi alinionyesha mapipa yake matupu, akaniuliza, "Mzee, unafikiri hawa wateja wangu wameacha kunywa?" Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa, asilimia 90. Kule hakukuwa na kibali wala leja ya kijani, ila kalamu ilikuwapo.

Nilirudi katika mji ule wa zamani mwezi Machi 2017, kwa msiba wa rafiki tuliyefanya naye kazi. Wakati huo ndio kwanza pombe kali za vifuko, yaani viroba, zimepigwa marufuku nchini. Marufuku ilianza tarehe 1 Machi, na tangazo la mwisho lilikuwa limetolewa mwezi Februari. Sababu zilikuwa nzito na sizipingi. Viroba viliingia mifukoni mwa watoto wa shule na vifuko vyake vilitapakaa mitaroni. Lakini wauzaji wa jumla walikutwa na shehena waliyoinunua kwa leseni halali na kuilipia ushuru.

Baada ya mazishi nilipita stendi. Duka la kona lilikuwa limejengwa upya, ghorofa moja. Nikaingia kununua maji. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, ameketi katikati ya makasha yaliyopangwa hadi dari, leseni yake imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Nikamtambua kwa namna alivyofunga droo. Akalalamika, kama wafanyabiashara wote walivyolalamika mwezi ule, kwamba maofisa watakuja kesho kuhesabu na hajui aandikeje, kijana wake wa hesabu amekimbia kwa woga.

Nikamwambia mimi nilipata kuwa karani. Akanipa daftari na kalamu. Tulihesabu kuanzia saa nane mpaka magharibi, kasha kwa kasha, yeye akiita na mimi nikiandika: aina, idadi, namba ya ankara, tarehe ya kununua. Kila kasha lililokosa ankara nililiandika pia, na nikaandika kuwa halina ankara. Alitaka kulipinga hilo, nikamwambia, "Andika yote. Lisilo na karatasi ndilo la kwanza kuandika." Mwisho nikatia saini kama shahidi, na chini yake jina langu kamili, kama tulivyofundishwa.

Alilisoma jina. Akalisoma tena. Nje watu wa daladala walikuwa wanaita abiria.

"Wewe ndiye karani wa bia," alisema.

"Ndiye mimi."

"Baba alikutaja mpaka mwisho wake. Alikuwa akisema una mwandiko mzuri sana."

Sikujua la kujibu. Akalifunga daftari, akalitia ndani ya droo, akageuza ufunguo. Kisha akamwita mtoto alete chai.